Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Gavana wa Jimbo la Tanganyika: Mkaratusi Upewe Mahali Pake

Mheshimiwa Gavana,

Kwa unyenyekevu mkubwa, na kwa heshima inayokistahili kiti chako, naomba uniazime sikio lako kidogo juu ya mkaratusi. Najua mezani pako yapo mazito zaidi: usalama, barabara, na familia ambazo maji ya ziwa yalizitoa majumbani mwaka 2021 na tena 2024. Ila miti itakayopandwa Kalemie msimu huu, wajukuu wetu wataikuta, na neno lako ndilo linalosikilizwa.

Kwanza niutendee haki mti wenyewe. Ulitoka Australia, na kwa kukua haraka una wapinzani wachache. Ukipata udongo mzuri, baada ya miaka michache tu unatoa nguzo za kujengea. Ukiukata, kisiki kinachipuka chenyewe. Mbuzi hawapendi majani yake, na anayefuga mbuzi mjini anajua neema hiyo. Addis Ababa ilikaribia kuhamwa kwa kukosa kuni, ikaokolewa na mikaratusi iliyoletwa enzi za Mfalme Menelik wa Pili. Hapa Kongo kwetu, mradi wa EcoMakala wa WWF umewasaidia wakulima wa Kivu ya Kaskazini tangu 2007 kupanda miti ya makala, mikaratusi ikiwemo, ili msitu wa Virunga upumue. Mama wa Kalemie anayehangaika na bei ya gunia la makala hawezi kuudharau mti wa namna hiyo, wala mimi siudharau.

Ninachokuomba kwa adabu zote, Mheshimiwa, ni kwamba usipandwe kila mahali.

Mji wetu umebanwa kati ya vilima na ziwa. Kwenye mteremko, udongo hushikwa na majani na vichaka vya chini kuliko shina refu. Chini ya mikaratusi iliyosongamana, vichaka hivyo huwa haba: mizizi yake inavuta maji kwa pupa, na majani makavu yanayodondoka yanazuia mimea mingine kuota. Watu wakiyafagia majani hayo kwa ajili ya kuwashia moto, ardhi inabaki uchi, mvua inaikwangua, na tope linashuka hadi kwenye mawe ya ufukweni ambako samaki wengi wa Tanganyika wanazalia. Karibu na chemchemi na vijito hali ni mbaya zaidi. Kenya, mwaka 2009, Waziri John Michuki aliagiza mikaratusi ing'olewe kwenye maeneo ya maji. Tena matawi yake makubwa huweza kukatika ghafla, hata siku isiyo na upepo. Mti wa hivyo haufai kusimama juu ya mabati ya shule au soko.

Basi, kwa idhini yako, mkaratusi upewe mashamba yake nje ya mji, mbali na mito, uvunwe kwa makala na nguzo. Kandokando ya barabara ipandwe miembe, yenye kivuli na matunda. Kwenye makorongo yawekwe mianzi na nyasi za vetiva, ambazo mizizi yake inashika udongo kwelikweli.

Nakusihi, Mheshimiwa Gavana, toa agizo hilo kabla mvua za Oktoba hazijaanza na miche haijaingia ardhini.

Wako mtiifu,
Mkaaji wa Kalemie