Kiota cha Fundichuma

Fundichuma alijenga kiota juu ya mkaratusi huko Muhumba, mahali ambapo mji wa Bukavu unanyoosha rasi zake ndani ya Ziwa Kivu. Asubuhi alileta vijiti, jioni alileta tope na kukandika ndani mpaka kuta zikawa laini. Paa likawa nene, likaweza kubeba uzito wa mtu mzima. Hata hivyo hakutosheka. Akalipamba kwa vitambaa vya kuokota, mfupa wa mbuzi na kipande cha wavu wa wavuvi wa sambaza, samaki wadogo wa ziwa hilo.

Kisha akamtuma Kunguru atangaze Nguba, Kadutu na Bagira: "Hakuna ndege mwenye nyumba kubwa kama hii. Kuanzia leo ni katedrali ya ndege wote. Kila mmoja alete kijiti kimoja na sambaza wawili." Kunguru alikuwa ameahidiwa nusu ya sambaza, kwa hiyo alitangaza kwa sauti kubwa sana.

Ndege wakakusanyika. Kanga akausifu mlango, Bata akalisifu paa. Ndipo Shomoro mmoja akauliza. Alikuwa bado mdogo, ameanguliwa chini ya paa la katedrali ya watu, Notre-Dame de la Paix.

"Baba Fundichuma, kiti kiko wapi?"

"Viti? Nitaweka mia!"

"Si viti, baba. Kule kwetu kuna kiti kimoja ambacho hakikaliwi na padri wala mgeni. Ni cha askofu peke yake."

Kunguru akamfokea anyamaze, mtoto haulizi maswali mbele ya wakubwa. Lakini Mzee Kobe, aliyekuwa ameishi katika bustani ya mapadri tangu kabla ya wote pale kuzaliwa, akasema mtoto asijibiwe kwa kelele.

"Mimi nimepita Roma," akasema Mbayuwayu, ambaye kila mwaka huja kwetu akikimbia baridi ya Ulaya. "Watu wote hutazama Basilika la Mtakatifu Petro kwa sababu ya ukubwa wake. Lakini kiti cha Papa kama askofu wa Roma kipo Laterano, katika kanisa la Mtakatifu Yohane. Hilo ndilo katedrali ya Roma. Ndugu zangu wanaopitia Ivory Coast wameona basilika la Yamoussoukro, lenye jina lile lile la kanisa la Bukavu, Notre-Dame de la Paix. Papa Yohane Paulo wa Pili alilibariki mwaka 1990, nalo ni miongoni mwa makanisa makubwa kuliko yote duniani. Katedrali ya mji huo ni nyingine, ya Mtakatifu Augustino, ndogo kuliko hilo."

Fundichuma akavimba shingo. "Basi nitaleta ubao, nichonge kiti."

"Nani atakikalia?" akauliza Kobe. "Na akikikalia, anamchunga nani? Kila mwaka, karibu na Pasaka, askofu hubariki mafuta katika katedrali yake, mapadri wakayapeleka katika parokia zote, Walungu, Kabare, Katana, mpaka kisiwani Idjwi. Mtoto anayebatizwa huko kijijini hupakwa mafuta yaliyotoka hapa. Kiota chako, mwanangu, kimetoa nini mpaka sasa? Kimepokea sambaza tu."

Kunguru alikuwa mwerevu, hakukubali kushindwa upesi. "Mzee, kama ni kiti, basi kiti kikibaki kitupu katedrali imekwisha. Maaskofu wa Bukavu si walikufa?"

Kobe alikaa kimya kitambo, kisha akajibu akiwa ametoa kichwa chote nje ya gamba.

"Nilikuwapo. Tarehe 29 Oktoba 1996 vita iliingia mjini. Waliokuwa na uwezo walikimbia, Musenyeri Christophe Munzihirwa akabaki. Alikuwa amewatetea raia na wakimbizi kwa maneno yasiyofichwa, na siku hiyo askari wakamwua Nyawera, barabarani. Alizikwa hapo hapo penye katedrali. Kiti kilibaki wazi mpaka mwaka uliofuata, alipokuja Musenyeri Emmanuel Kataliko. Huyu naye, katika barua yake ya Noeli ya 1999, alilaani uporaji na utawala wa wageni. Februari 2000 waasi waliotawala mji wakamzuia asirudi jimboni kwake, akakaa uhamishoni Butembo miezi saba. Je, kuna aliyesema kiti kimekuwa cha waasi? Hakuna! Wakristo walidai mchungaji wao arudishwe. Alirudi Septemba, na tarehe 4 Oktoba akafia Roma. Kiti kitupu cha mtu aliyekataa kuwaacha watu wake hakihesabiwi kuwa ubao."

Kunguru hakuwa na jibu. Ndege wakachukua kila mmoja sambaza wake, wakaondoka.

Fundichuma aliendelea kuongeza vijiti, akiamini kwamba kilichopungua ni urefu. Mvua za Novemba zilipokuja, Bundi akakiona kiota kizuri, kikavu, akaingia bila hodi. Fundichuma akalala nje, juu ya tawi, akitazama jengo lake mwenyewe. Hapakuwa na wa kumtetea, kwa kuwa yeye hakuwahi kumtetea mtu.

Msomaji, nimeisimulia hekaya hii kwa sababu kila mahali siku hizi tunachangishwa kwa ajili ya kuta na minara, na ni wachache wanaouliza swali la Shomoro. Ukifika Bukavu, ingia Notre-Dame de la Paix. Usianze na paa. Tafuta kiti, kisha taja majina ya waliokikalia tangu vita ilipoanza: Munzihirwa, Kataliko, Mbogha, Maroy. Na kabla ya kutoka, simama kwenye kaburi la Munzihirwa umwombee.