Barua ya wazi kwa CAF: tunaomba CAN ipimwe umri

Kwa Mheshimiwa Patrice Motsepe, Rais wa Shirikisho la Soka Afrika, Cairo.

Mheshimiwa,

Sisi mashabiki wa Lubumbashi, wa klabu za Mazembe na Lupopo, ambao kwa kawaida hatukubaliani hata kama jua limewaka, leo tumekaa nganda moja kukuandikia. Pokea salamu zetu za mwaka mpya. Mwaka gani, tunakuachia wewe.

CAN 2021, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, ilichezwa Kameruni mwaka 2022. CAN 2023 ilichezwa Kodivaa, Januari na Februari 2024. CHAN 2024 tuliianza Agosti 2025 kwa kufungwa bao moja na Kenya (ile ya Nairobi, si mtaa wetu wenye jina hilo), wiki chache tu baada ya mabinti zetu kurudi kutoka Moroko, kwenye CAN yao ya 2024 iliyochezwa Julai 2025. CAN 2025 walau ilianza Desemba 2025 kabla ya kuvukia Januari; tunaipongeza kwa zile siku 11. Sababu tunazijua: mara corona, mara mvua, mara viwanja havijawa tayari. Mtatukumbusha pia kwamba Euro 2020 ilichezwa 2021. Kweli. Wazungu waliuguliwa mara moja. Nyinyi mmeshaifanya mila.

Ombi letu ni hili. Wavulana wa chini ya miaka 17 hupigwa picha ya MRI kwenye kifundo cha mkono. Mfupa ukionekana umeshaungana, mtoto anabeba begi lake anarudi kwao. Januari 2023 Kameruni iliondoa hivyo vijana 21 kati ya 30. Hatukipingi kipimo. Tunaomba tu kitumike kwa mashindano yenyewe. CAN 2023 iletwe Lubumbashi, ivuliwe saa na pete, ilazwe ndani ya mashine. Ije na mjomba wake, kama ilivyo desturi, ameshika cheti cha kuzaliwa ambacho wino haujakauka, anaapa kwa marehemu mama yake kwamba mtoto ni wa 2023 ila alichelewa kutembea kwa sababu ya mvua. Daktari aitazame picha, amtazame mjomba, aitazame picha tena. Kisha ibandikwe kwenye ukuta wa uwanja wa Kamalondo, watu wote waione. Ikifeli, ifungiwe, na kombe libaki kwetu kama dhamana. Mkiona hiyo ni aibu kubwa, basi tuhurumiane wote: straika wetu mwenye miaka 17 kwa mwaka wa tano mfululizo aachwe acheze.

Mengine ni madogo. Mechi ya mshindi wa tatu, ile ya CAN 2023 iliyotutoa jasho hadi penalti tukashindwa na Afrika Kusini, iitwe mechi ya kilio, watu waje na viti vyao. Na CAN 2027 ya Kenya, Tanzania na Uganda ifike 2027 ikiwa bado hai.

Msituambie haiwezekani. Novemba 2024 wanawake wa Mazembe waliifunga AS FAR 1-0 kule Moroko wakatwaa Ligi ya Mabingwa, na mashindano yaliitwa 2024. Tulitafuta kosa, hatukuliona.

Mnadhani tunacheka. Tarehe 7 Februari 2024, kabla ya nusu fainali na Kodivaa, wimbo wa taifa ukipigwa, vijana wetu walifunika mdomo kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili wakaelekeza vidole viwili kwenye panja, kama bastola. Siku zile zile watu wa Sake, kule Kivu, walikuwa wanakimbia vita kwenda Goma. Walau mara moja dunia ilitutazama. Leo mtoto akifungua kumbukumbu zenu, atakuta ishara ile imewekwa chini ya 2023, eti kwa sababu nembo ilikuwa imeshachorwa. Nani aliwapa ruhusa? Waliokufa Kivu wana tarehe zao, na wenyewe wanazijua.

Utuwie radhi, Mheshimiwa. Tulikuwa tunazungumzia kifundo cha mkono. Mashine tutaitafuta wenyewe. Umeme ndio hatuahidi: ukikatika CAN ikiwa ndani, tutaahirisha kipimo hadi mwakani, na majibu tutayaandika ya mwaka huu. Tunaamini hilo halitawasumbua.

Wako watiifu,
Mashabiki wa Lubumbashi