Mkutano Usio na Mwenyewe

Mimi ni mtu wa mikutano ya kawaida. Nipe mwenyekiti aliyechelewa, maombi marefu, "itifaki imezingatiwa", kisha soda na nauli. Vijana ninaoandika nao makala za Kiswahili mtandaoni hawataki hayo. Waliitisha mkutano ambao ratiba yake inapangwa na waliohudhuria, asubuhi ile ile. Eti Mmarekani Harrison Owen aliubuni mtindo huo miaka ya 1980, baada ya kuona kongamano aliloliandaa kwa jasho lote limesifiwa mapumziko ya chai tu. Wenzetu wakauchukua mtindo, chai wakaiacha hukohuko Marekani.

Tulikutana Kakuma, maana waandishi wa kambi ya wakimbizi ya hapo hawatoki bila kibali cha kusafiri. Basi sisi wa Lodwar tukajibana kwenye gari dogo, kilomita kama 120, na jerikeni la mtu mapajani mwangu. Nilikwenda kuwafunza watu kuandika pamoja. Kumbe gazeti la wakimbizi wenyewe, KANERE, lilianza pale kambini tangu 2008! Somo langu likaisha kabla sijasimama.

Ratiba ilikuwa karatasi zilizobandikwa ukutani. Kufika saa nne, upepo wa Turkana ulikuwa umeshaipanga upya.

Sasa sikia sheria yao, ya miguu miwili: ukiona hujifunzi wala huchangii, inuka uende kundi lingine. Yafaa kwenye nchi za baridi. Pale kivuli kilikuwa kimoja, cha mwarobaini, na nani ainuke aende juani? Makundi yote yakabanana hapo, wa hakimiliki wakijibu maswali ya wapiga picha. Nilipoisoma sheria kwa sauti, kaka mmoja aliyekulia kambini akauliza kama miguu hiyo miwili inafika Lodwar. Tukacheka. Yeye ndiye aliyecheka zaidi.

Na msiniambie kuwa ndio Uafrika wenyewe. Ni kweli wazee wa Kiturkana wanakutana chini ya mti bila karatasi ya ratiba, lakini kwao mbuzi huchinjwa, na kila mzee anajua nyama yake ni ipi. Sisi saa nane tulikuwa bado tunajadili nani alipaswa kuleta sukari. Kila mshiriki ni mwandaaji, kwa hiyo hakuna wa kulaumiwa. Mtu kama mimi afanyeje?

Katibu pia hakuwepo. Kumbukumbu tuliziandika sote kwenye ukurasa mmoja mtandaoni, kila mtu kwa simu yake. Nikaongeza kwa upole kwamba washiriki walishinda bila chai. Hatujafika hata nusu ya njia ya kurudi, sentensi imefutwa, na sababu imeandikwa: haina chanzo. Nikairudisha. Ikafutwa tena. Kuchungulia pembeni, anayefuta ni kijana niliyebanana naye kiti cha nyuma, mwenye jerikeni.