Kioo Kinasingiziwa: Vipimo Saba vya Kumnasa Mkosaji

Mistari ya zambarau imekatiza skrini, vidoti vya kijani vimetapakaa, na rafiki yako mjuaji ameshatoa hukumu: "Kioo kimekufa, nunua kingine." Ngoja kwanza! Huenda mkosaji ni chipu ya michoro iliyopata moto kupita kiasi, na kioo kimebebeshwa kesi isiyo yake. Hamisha faili zako muhimu sasa hivi, maadamu laptopu bado inawaka, kisha tuhesabu kushuka hadi namba moja.

7. Tazama saa
Ukiiwasha iko safi. Ukicheza gemu au kuhariri video kwa nusu saa, mistari inajitokeza. Ukiizima ikapoa, inakuwa nzima tena. Huo ni mwendo wa joto. Kioo kilichopasuka hakina ratiba: ni kibovu saa mbili asubuhi, ni kibovu saa mbili usiku.

6. Chezesha mfuniko
Ufungue na kuufunga taratibu huku ukiikodolea macho mistari. Ikihama au kukatika kila mfuniko unaposogea, mtuhumiwa ni kebo inayopita kwenye bawaba. Isipobadilika hata kidogo, kebo iachiwe kwa dhamana. Dhamana tu, kesi haijafutwa!

5. Piga picha ya skrini
Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na PrtSc, halafu jitumie picha hiyo kwenye simu. Madoa yakionekana hata huko, yalizaliwa kwenye chipu, kumbukumbu yake au draiva, kabla ya kukifikia kioo. Picha ikiwa safi, wabane kwanza kioo na kebo. Hakuna kioo kilichowahi kusafiri kwa WhatsApp.

4. Chomeka TV
Waya wa HDMI unatosha. Uchafu uleule ukitokea kwenye TV, kioo cha laptopu kimepata shahidi wake. Vioo viwili haviugui ugonjwa mmoja siku moja. Ila kumbuka: laptopu yenye chipu mbili za michoro huweza kupeleka picha za HDMI kupitia chipu nyingine, kwa hiyo TV safi peke yake haimalizi kesi.

3. Iwahi Windows kabla haijaamka
Ingia BIOS, au itazame vizuri nembo ya kampuni mashine inapowaka. Mistari ikiwapo tayari, draiva ya Windows haihusiki, maana ilikuwa bado imelala. Ikija tu baada ya Windows kufunguka, weka draiva upya kabla ya kumwita fundi. Na ule ujumbe kwamba draiva iliacha kuitikia na sasa imerudi, usiupuuze: kwa kawaida Windows huisubiri chipu sekunde 2 tu, kisha huiwasha upya kwa nguvu. Chipu iliyoelemewa na joto ni miongoni mwa zinazochelewa.

2. Pima joto lenyewe
HWiNFO na GPU-Z ni programu za bure. Soma namba mashine ikiwa imetulia, halafu ipe kazi nzito huku ukiitazama. Nyuzi 70 hadi 85 wakati wa kazi zinavumilika kwa laptopu nyingi. Ikikaribia 95 au 100, simamisha kazi. Namba na madoa vikipanda pamoja, umemkamata. Maji huchemka kwa nyuzi 100, na laptopu si birika.

1. Fungua chini, safisha
Hapa ndipo kesi nyingi huishia, na ndipo watu wengi hawafiki. Zima, chomoa chaja, tenganisha betri. Toa feni utazame upande inakopuliza: kati yake na mapezi ya shaba utakuta vumbi na nywele vimeshikana vikawa blanketi zima. Feni ilikuwa inapiga kelele nyingi, hewa haitoki. Ukitumia hewa ya kopo, ishikilie feni isizunguke. Juu ya chipu, krimu ya kupitishia joto iliyokauka inabanduka magamba. Ifute kwa spiriti, weka tone dogo la mpya, rudisha, pima tena.

Na kama madoa yamebaki baada ya usafi? Basi huenda joto limeshaiumiza chipu. Haya yamewakuta hata wakubwa: Julai 2008 NVIDIA ilitangaza kutenga dola milioni 150 hadi 200 kwa sababu ya chipu za laptopu zenye malighafi dhaifu, zilizoshindwa kuhimili kupata moto na kupoa mara kwa mara. Februari 2015 Apple nayo ilianza kutengeneza bure baadhi ya MacBook Pro za 2011 hadi 2013 zilizokuwa na hitilafu za picha.

Atakayekuambia uioke bodi kwenye oveni au kuichoma kwa bloa, mshukuru uondoke. Moto huo huweza kuifufua kwa siku au wiki chache, lakini ufa ulioletwa na joto ndani ya chipu unabaki palepale. Dawa ni kubadilisha chipu au bodi, na kwa laptopu kuukuu gharama hiyo mara nyingi haina maana.

Kwa hiyo, usilipie kioo kipya kabla hujaiona namba ya joto kwa macho yako. Mwambie fundi aipime mbele yako. Akikataa, chukua laptopu yako utafute fundi mwingine.