Karani Haanzi Kazi Kabla ya Saa Nne

Ijumaa

Kijana wangu wa miaka 10 ameomba punda. Ombi si jipya, ila leo limekuja kwa maandishi, kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari la hesabu. Chini kuna nafasi mbili za sahihi: yangu na ya punda. Anataka kuingia mbio za Maulidi, zile za ufukoni, ambapo vijana hupanda punda mgongo mtupu na nusu ya mji wetu wa Amu (Lamu) hujazana kuwatazama. Nimemjibu kwamba ombi limepokelewa. Baba yake yuko baharini, kwa hiyo ofisi ya kukataa iko kwangu peke yangu.

Baada ya Alasiri akapita kaka yangu. Anakwenda Mombasa kutibiwa macho na punda wake wawili hawana wa kuwaangalia. Mmoja amempeleka kwa shemeji yake, Langoni. Wa pili ametuletea sisi huku Mkomani mpaka mwezi uandame.

"Dada, huu ndio mtihani wa mpwa wangu," akasema. "Akifaulu nitamuuzia kwa bei ya undugu."

Undugu ni shilingi ngapi hakusema. Punda anaitwa Karani. Nilipouliza sababu ya jina hilo, aliniambia nisubiri asubuhi.

Jumamosi

Karani haanzi kazi kabla ya saa nne.

Tangu saa moja alikuwa amesimama kichochoroni mbele ya mlango wetu, kichwa ukuta huu, makalio ukuta ule. UNESCO iliutia mji wetu kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001 kwa sababu umehifadhika vizuri, na kweli, tangu wazee wetu hakuna aliyeongeza upana wa kichochoro hata kwa shubiri moja. Muuza mahamri akasubiri upande mmoja. Upande wa pili wakasubiri mwalimu wa madrasa na mtu aliyejitwika kitanda. Mwanangu alisukuma, akavuta, akabembeleza, kisha akamsomea Karani ratiba ya siku. Karani alisikiliza kwa masikio yote mawili.

Mwalimu akatueleza kwamba farasi akishtuka hukimbia, lakini punda husimama kwanza akapima hatari, na ndiyo sababu watu humwita mkaidi. Mwenye kitanda alisema haya ni maneno ya maana, akakitua kitanda, akakikalia. Muuza mahamri aliuza mahamri yote.

Saa nne Karani aliondoka mwenyewe.

Jumapili

Maji. Punda mmoja hunywa kati ya lita 10 na 25 kwa siku, kutegemea jua na kazi. Jua la Amu halina haja ya kuelezwa. Kutoka bombani hadi kiwanjani ni vichochoro viwili, na debe lililojaa linamshinda mwanangu, kwa hiyo akahamisha maji kwa birika langu la chai. Punda huchagua maji. Karani alinusa, akakuta tangawizi ya jana, akageuza uso. Birika likasuguliwa. Karani akanusa tena, akakuta sabuni. Magharibi nilibeba debe mimi.

Samadi. Kwa mujibu wa ratiba, samadi huzolewa kila asubuhi na jioni na "mwenye punda". Mwenye punda alimpa kazi hiyo dada yake wa miaka 6 kwa ahadi ya mabuyu ya shilingi 10. Binti alizoa vizuri sana. Saa kumi alikuwa hajalipwa, akairudisha samadi yote ilipokuwa.

Jumatatu

Shule imefunguliwa. Katika ratiba hakuna mahali palipoandikwa shule. Mwanangu aliondoka saa kumi na mbili na nusu akiwa amemlisha Karani, amemkwangua matope, na amemuaga kwa muda mrefu kuliko alivyoniaga mimi. Kuanzia hapo hadi saa tisa na nusu Karani alikuwa na mtu mmoja tu wa kumtegemea, naye ana cherehani na gauni la harusi la kumaliza.

Nilimfunga karibu na dirisha ili nimwone. Naye akaniona. Nilipokwenda kuinjika wali aliingiza kichwa dirishani, akala karatasi ya kipimo cha mkono wa kushoto. Mkono wa kulia hakuugusa. Mama wa bibi harusi alipokuja kuuliza kazi imefika wapi, nilimwambia imefika mkono wa kulia.

Jumanne

Jirani yetu anajenga. Amempa mwanangu shilingi 100 ili Karani amletee mifuko miwili ya saruji kutoka gatini. Kila mfuko ni kilo 50. Jirani alitaka yote miwili ipakiwe kwa safari moja, mmoja huku na mmoja huku, apate kuwahi mvua. Mwanangu alikataa. Alisema mjomba wake hampakizi Karani zaidi ya mfuko mmoja, na kwamba mgongo ukichubuka leo, shogi litakalowekwa juu yake kesho litafanya kidonda, na kidonda cha mgongo hakiponi mnyama akiwa kazini. Sikujua kama analijua hilo. Jirani pia hakujua.

Mfuko wa kwanza ulifika salama, ukiwa juu ya tandiko nene ambalo baadaye nililitambua kuwa mto wa kiti changu. Kisha Karani alifunga ofisi. Mfuko wa pili ulibaki gatini, mvua ikawahi. Jirani sasa ana jiwe la kilo 50 lenye maandishi ya kiwanda. Amerudishiwa shilingi 50.

Nimempa mwanangu alama kwa kumtetea mnyama. Jirani hajatoa alama.

Jumatano na Alhamisi

Saa tisa za usiku Karani alilia. Mlio wa punda hausikiki ndani ya nyumba moja tu, husikika mtaa mzima. Akanyamaza tukapata usingizi, akaanza tena. Alfajiri shemeji wa kaka yangu akanipigia simu kutoka Langoni kuuliza kama na wetu halali.

Nimeelezwa kwamba punda hufunga urafiki na mwenziwe mmoja, na wakitenganishwa husononeka hata kukataa chakula. Maana yake ni kwamba anayenunua punda mmoja ama ana punda mwingine nyumbani, ama atamnunua. Habari hii haimo kwenye ombi la mwanangu.

Usiku wa pili mtoto alitoa godoro lake, akalitandika dakani, akalala hatua mbili kutoka kwa Karani. Karani hakulia. Mtaa ulilala. Siku iliyofuata mwanangu pia alilala, katika somo la Sayansi, na mwalimu wake wa darasa alinitumia ujumbe mfupi usio na salamu.

Ijumaa

Kabla ya kunywa chai mwanangu alikuja jikoni akasema Karani anaumwa. Nilitoka kumtazama. Alikuwa amesimama, ametulia, haringi wala halalamiki. Nikasema huyu mbona hajambo, leo hata hajafunga njia.

"Mama, samadi," akasema.

Tangu binti agome, yeye mwenyewe ndiye anayezoa, na kwa kuwa ni mtoto wa hesabu, huandika. Tangu jana mchana hakukuwa na cha kuandika. Tena pumba zilikuwa zimebaki kwenye beseni. Punda huficha maumivu, maana porini mnyama anayeonyesha udhaifu ndiye huliwa kwanza. Kwa hiyo punda mtulivu mno ni wa kutiliwa shaka. Haya alinieleza akiwa tayari anamfungua kamba.

Tulikwenda kwa daktari wa wanyama. Amu ina uzoefu wa jambo hili: shirika la Uingereza la Donkey Sanctuary lilianza kutibu punda hapa miaka ya 1980, na wazee wengi wa mtaani wanajua maradhi ya punda kuliko yao wenyewe. Daktari aliweka sikio ubavuni, akasema tumbo limefunga, bila shaka amekula plastiki jalalani. Punda hawezi kutapika. Kilichoingia kina njia moja tu ya kutokea. Mpira ukapitishwa puani hadi tumboni, mafuta yakamiminwa. Karani alivumilia yote, kisha akampiga daktari teke la paja. Daktari akasema hiyo ni dalili nzuri.

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017. Ile ya kabla ya hapo bado ipo jalalani.

Usiku wa manane nikasikia kelele za furaha kiwanjani. Mwanangu alikuwa ameshika tochi kwa mkono mmoja na daftari kwa mwingine. Nimeonyeshwa ushahidi. Sikuuomba.

Jumamosi

Karani hayupo. Kamba ipo. Fundo lilikuwa la mwanangu, na mwanangu alilijua hivyo kabla sijasema kitu.

Ni kweli punda wengi wa Amu huachwa wazurure jioni na hurudi wenyewe kwao. Lakini kwa Karani, kwao si kwetu. Bibi wa watoto wangu alianza kutaja ngozi. Huko bara punda wameibwa na kuchinjwa kichakani ili ngozi zipelekwe China kutengenezwa dawa iitwayo ejiao, mpaka wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walipokubaliana mwezi Februari 2024 kuipiga marufuku biashara hiyo. Nilimwomba Bibi habari hizi azihifadhi mpaka mtoto atoke chumbani. Mtoto alikuwa amesimama nyuma yangu.

Alitafuta Mkomani yote, akashuka ufukoni, akapita Usita wa Mui akiuliza duka baada ya duka. Alimkuta Langoni, mbele ya nyumba ya shemeji, shingo yake juu ya shingo ya mwenziwe. Kati yao na barabara walikuwa wamemwaga ndoo moja ya samaki na kuangusha baiskeli mbili. Mwanangu aliomba radhi kwa mwenye samaki, akaokota samaki, akaahidi kulipa kutoka kwenye zile shilingi 50. Samaki walikuwa wa shilingi 600.

Hakumrudisha Karani. Alisema hawezi kumtenganisha tena. Shemeji wa kaka yangu sasa ana punda wawili na amenipigia simu kuuliza mwezi unaandama lini.

Jumapili

Mwezi umeandama. Kaka amerudi na miwani mipya, amenikagua mimi kwanza, akasema nimezeeka. Kikao kikafanyika barazani: kaka, Bibi, mimi, na mwombaji. Binti alikuja kama mdai.

Matokeo yalisomwa. Mwanangu amefaulu katika kuangalia: aliona ugonjwa ambao mimi mtu mzima nilipita nikausifu. Amefaulu kumkatalia mtu mzima mzigo uliozidi. Amefaulu kulala nje. Ameanguka katika fundo, katika maji, na katika saa zote za mchana kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Punda akitunzwa vizuri hufikisha miaka 30, hata kuipita. Karani ana 9. Mtoto atamaliza shule, pengine atakwenda chuo Mombasa, na Karani atabaki dirishani kwangu. Mtu aliyepimwa uwezo wa kumiliki punda wiki hii ni mimi, na mimi sikuomba.

Kwa hiyo uamuzi ni huu. Karani ni wa kaka, na ataishi na mwenziwe. Mwanangu ataajiriwa kumwangalia asubuhi kabla ya shule na jioni baada ya chuo cha Qurani, kwa mshahara. Mshahara wa mwanzo utalipa samaki, kisha mabuyu. Daftari la samadi litaendelea, kwa kuwa kaka ameliona na ameomba na la punda wa pili. Mbio za Maulidi zitazungumzwa Maulidi itakapokaribia, na si kabla.

Ombi la kumiliki halikukataliwa, limeahirishwa. Litasikilizwa siku atakayobeba debe la lita 20 kutoka bombani hadi kwa punda bila kulitua. Kwa sasa analitua mlangoni kwa mwalimu wa madrasa, na anayemalizia ni mwalimu.