Gunia Ndani ya Kizingiti

Jeki ilipozama ndani ya gari badala ya kuliinua, mwanangu aliachia mpini akaruka nyuma. Ulisikika mvunjiko kama wa chungu kikavu, kisha vumbi jekundu likamwagika juu ya mkeka tuliokuwa tumeutandika kulalia. Nilipochungulia, kichwa cha jeki kilikuwa kimetoboa kizingiti cha mlango wa dereva na kupenya hadi ndani. Gari lenyewe halikuwa limenyanyuka hata unene wa kucha.

"Mama, tumelivunja gari la Babu."

Sikumjibu mara moja. Kwenye lile tundu nilikuwa nimeona nyuzi nyeupe zilizochakaa, zinaning'inia kama ndevu, na sikuelewa nyuzi zinatafuta nini ndani ya chuma.

Gari hilo ni Pijo 404 ya mwaka 1966, yenye mapezi mawili nyuma na gia pembeni mwa usukani. Marehemu baba alilinunua mwaka 1978 kwa meneja aliyekuwa akihama, likiwa tayari limechoka, akalifufua kwa mikono yake. Alikuwa fundi wa korona, ule mtambo unaosaga majani ya mkonge na kuacha singa, katika shamba moja njia ya kwenda Muheza. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpa spana. Nilizijua namba zake kabla sijajua kusoma vizuri: kumi na tatu, kumi na saba, kumi na tisa.

Ukimuuliza baba kwa nini 404 na si gari jingine, ujue chai itapoa. Atakuanzia na mashindano ya magari ya Safari ya mwaka 1966 na 1967, ambayo Bert Shankland na Chris Rothwell waliyashinda ndani ya 404. Shankland alikuwa mkazi wa Dar es Salaam, kwa hiyo baba aliuhesabu ushindi ule kuwa wa nyumbani. Kisha atakwenda 1963 na 1968, miaka ambayo mvua na matope yaliyamaliza magari yote yakabaki 7 tu yaliyofika mwisho, na mara zote mbili aliyeongoza alikuwa Nick Nowicki na mwenzake Paddy Cliff, ndani ya 404 tena. Baba aliyataja majina hayo kama mtu anayetaja jamaa zake.

Alipofariki mwaka 2006 tulilisukuma gari chini ya mwembe, uani kwetu Chumbageni, tukisema tutalishughulikia. Chumbageni haiko mbali na bahari. Upepo wa Tanga una chumvi, na chumvi ikikutana na maji na bati haichoki. Majani ya mwembe yalijaa kwenye kila mfereji, yakaoza, yakashika unyevu kiangazi na masika. Kuku wa mama yangu walihamia kiti cha nyuma. Miaka ikapita hivyo, nami kila asubuhi nikienda shuleni kufundisha nilipita pembeni yake bila kuligeukia.

Kisha mwanangu akamaliza Kidato cha Nne. Wazazi wenzangu mnaijua ile miezi. Mtihani umekwisha Novemba, shule za Kidato cha Tano zinafunguliwa Julai, na katikati hapo kijana anaamka saa nne, anashika simu, anarefuka. Wangu alikuwa ameanza kunijibu kwa neno moja moja. Jioni moja nilichukua ufunguo uliokuwa ukining'inia kwenye msumari wa jikoni tangu msiba, nikauweka mbele ya sahani yake. Hakuuliza wa nini. Aliugeuza geuza, akasoma maandishi yaliyofutika, akaniuliza, "Injini yake inazunguka?"

Bibi yake alikuwa na sharti. "Mume wangu," alimwambia, maana ndivyo anavyomwita tangu azaliwe, "ukiwatoa kuku wangu, watalala kwako?" Kwa hiyo kazi yetu ya kwanza ya gari ilikuwa kujenga banda la kuku.

Injini haikutusumbua kama nilivyoogopa. Pistoni zilikuwa zimeshika. Tulimimina dizeli kwenye matundu ya plagi, tukasubiri wiki nzima, tukachomeka hendeli mbele na kuisukuma kidogo kidogo kila siku baada ya Alasiri mpaka siku moja ikakubali. Vyuma vidogo tulivitoa kutu kwa magadi. Unayeyusha magadi katika ndoo ya plastiki, unatumbukiza kipande chenye kutu na kipande cha nondo visigusane, unaviunga na chaja ya betri: hasi kwenye kipande chako, chanya kwenye nondo. Povu linapanda, na kesho yake kutu imekuwa ungaunga mweusi unaotoka kwa brashi. Ndoo ikae nje penye hewa na mbali na moto, maana lile povu hubeba haidrojeni. Usiku mmoja kijana aligeuza waya. Asubuhi tulikuta nondo imebaki nzima, na bawaba ya buti imeliwa hadi ikawa nyembamba kama jani. Na kwa sababu magadi yale yalitoka kabatini kwa mama bila ruhusa, siku hiyo tulikula makande magumu, watu wote kimya.

Hayo yote ni madogo. Kizingiti ndicho kilichotugharimu.

Watu wengi hudhani kila gari lina chesisi chini na bodi juu yake, kama nyumba na msingi. 404 haina chesisi ya namna hiyo. Bodi yenyewe ndiyo uti wa mgongo, na viwili katika vinavyobeba mzigo wote ni vile vizingiti chini ya milango: masanduku marefu ya bati, matupu ndani, yaliyozibwa pande zote. Maji yakiingia humo hayana pa kutokea haraka. Yanakula kwa ndani, na nje rangi inang'aa mpaka siku jeki inapozama. Hayo nilikuwa nayajua. Nilichosahau ni kumwambia mwanangu.

Nikiwa darasani, yeye alikodi grenda kwa jirani akaamua kunifurahisha. Alikata kizingiti chote cha upande wa dereva, kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma, kwa mstari ulionyooka vizuri kabisa. Gari lilikuwa limekaa juu ya magogo mawili, moja mbele na jingine nyuma. Niliporudi nilimkuta ameketi chini na miwani ya kukatia bado iko kichwani, sahani ya chakula iko pembeni haijaguswa.

"Mama, mlango umekataa."

Nilishika kitasa. Mlango ulikuwa umebanwa juu kama umepigiliwa misumari, na chini pengo lilimeza vidole vyangu viwili. Gari lilikuwa limelegea katikati. Lilishuka taratibu wakati yeye akikata, bila kelele ya kumwonya. Nilihisi miguu yangu haina nguvu, nikakaa naye palepale chini. Nilifikiri tumeliua. Nilifikiri pia kwamba gari lililovuka miaka yote ile mikononi mwa baba limekuja kufia mikononi mwangu.

Ndipo nikazitazama zile nyuzi, maana kizingiti kilichokatwa kilikuwa kimelala wazi mchangani. Ndani hakukuwa na bati. Mahali bati lilipoisha palikuwa na gunia la mkonge, limekunjwa mara tatu, limeshindiliwa vizuri kwa urefu wa mkono mzima, na juu yake limepigwa puti nene, likasuguliwa kwa msasa mpaka likawa laini kama yai, kisha likapakwa rangi. Kazi ile niliijua. Ukingo wa puti ulikuwa umechongwa kwa ile pembe yake, hakuna mwingine aliyefanya hivyo.

Iliniuma kuliko mlango. Baba yangu alimrudisha kijana mmoja nyumbani bila posho kwa kupaka rangi juu ya kutu ya pampu. Baba yangu, huyu, alikuwa ameziba uti wa mgongo wa gari kwa gunia, na sisi sote tumepanda humo kwenda harusini Korogwe na kurudi.

Mama alikuja na kikombe cha maji, akatuona, akaona na gunia. Hakushangaa. Aliinama akalishika pindo.

"Hili nililishona mimi," alisema. "Yeye alikata, mimi nikashona, usiku. Nilimshikia koroboi asubuhi ikakaribia."

Ilikuwa mwaka 1993. Mkonge ulikuwa umeshaanguka. Nchi iliyotoa zaidi ya tani 200,000 mwaka 1964 ilikuwa imeachwa na soko lililohamia kamba za plastiki, na pale shambani mishahara ilipitiliza miezi. Baba alikuwa ameweka fedha ya bati na ya fundi wa kuchomelea. Nami nilikuwa nimechaguliwa kwenda sekondari ya bweni, na barua ilitaka godoro, sanduku, sare na ada. "Alisema gari litavumilia," mama aliendelea. "Alisema mwaka unaofuata atalifanya inavyotakiwa. Mwaka unaofuata ukaja na yake." Kisha akamgeukia mwanangu: "Kula, mume wangu. Chuma hakikimbii."

Kijana alikula. Alipomaliza alichukua kamba ya katani, akaifunga kwenye pembe ya juu ya uwazi wa mlango wa upande wa pili, ule ambao hatujaukata, akaivuta kwa mshazari hadi pembe ya chini, akaitia fundo. Akaileta upande wetu. Fundo lilipita pembe kwa unene wa dole gumba. Hapo ndipo nilipojua lipo la kufanya: kama unaweza kulipima kosa, unaweza kulirudisha.

Tulilaza boriti chini ya sakafu katikati ya gari, tukaweka jeki mbili chini yake, za kuazima. Robo mzunguko yeye, robo mzunguko mimi, kisha kamba. Robo, robo, kamba. Ilikuwa Jumamosi, na ilituchukua tangu asubuhi hadi adhana ya Magharibi. Mara mbili tulizidisha ikabidi turudi chini. Hatukuzungumza mengi, lakini yale maneno yake ya moja moja yalikuwa yamekwisha. Alikuwa akinihesabia kwa sauti. Fundo lilipoikuta pembe, alinitazama mimi kwanza, si mlango. Kisha akaufunga. Ulilia mlio mmoja tu, mfupi, wa kitasa kukaa mahali pake.

Kesho yake fundi mzee kutoka Ngamiani alichomelea vyuma vya msalaba ndani ya uwazi ule ili usilegee tena, ndipo akapanga kizingiti kipya cha bati nene. Alituonya upande wa pili tusiuguse kabla ya kufunga vyuma hivyo. Kabla hajaziba, niliomba nirudishe kipande cha gunia humo ndani, kidogo tu, kiwe kumbukumbu. Mwanangu alikataa. "Gunia linanyonya maji, Mama." Akapaka dawa ya kutu ndani yote kwa brashi aliyoifunga kwenye mti mrefu, akaacha matundu ya kutolea maji. Gunia mama alilifua, akalianika, na sasa limekunjwa sandukuni pamoja na kanzu ya baba.

Fundi huyohuyo ndiye aliyetuokoa kwenye difu. Tulikuwa tumemimina oili ya kawaida ya gia, akachovya kidole, akanusa, akatuambia tuimwage mara moja. Difu ya 404 kama yetu ina gia mfano wa skrubu ya chuma inayolizungusha gurudumu la shaba nyeusi, na dawa ya salfa iliyomo katika oili nyingi za gia huila shaba hiyo. Mafuta yake ni ya mimea. "Inataka nyonyo," alisema.

Nyonyo tulikuwa nayo, chupa moja, ya nywele za mama. Difu inameza karibu lita moja na nusu. Mama alitoa chupa yake, akatufuata sokoni kuchagua nyingine kwa kunusa kila kizibo, akairudisha na kuichuja yote kwa kitambaa chake cha tui, mara mbili, hataki hata punje. Wakati kijana akiimimina, gari zima lilinukia kichwa cha bibi yake.

Rangi hatukuwahi. Fedha iliishia kwenye matairi na breki, na Julai haikusubiri. Kwa hiyo asubuhi ya safari yake tuliondoka Chumbageni na 404 iliyopakwa rangi nyekundu ya msingi tu, mimi kwenye usukani, mama mbele kwa kanga mpya, yeye nyuma na godoro na sanduku, mahali walipokuwa wakitaga kuku. Nilikwenda polepole hadi stendi ya Kange. Watu wa makamo walikuwa wakisimama kutupungia.

Kondakta alikuwa akiita. Nilifungua mikono nimkumbatie mwanangu, lakini alikuwa ameshapiga magoti kwenye lami na shati lake jeupe la shule, kichwa chini ya gari upande wa nyuma. Alipitisha kidole chini ya difu, akakitoa, akakinusa, akamnusisha na bibi yake.

"Haivuji," alisema, ndipo akaja.