Mtaalamu wa Nyayo Kutoka Machame

Mtu akitoka Tanzania akahamia Minnesota, majirani humpa vyeo viwili bila kumwuliza: mkimbiaji wa mbio ndefu na mjuzi wa wanyama wa porini. Cheo cha kwanza hufa chenyewe siku wakikuona unavyohema kwenye ngazi. Cha pili hakifi. Unaweza kueleza mpaka koo likauke kwamba umezaliwa na kukulia Kariakoo, kwamba wanyama uliokua nao ni panya buku na kunguru, na kwamba Simba pekee unayemjua ni yule wa Msimbazi, naye hamkuelewana kwa kuwa nyumbani kwenu wote ni Yanga. Watakusikiliza kwa adabu, kisha watauliza kama tembo walikuwa wanaingia uani.

Ndiyo maana Jumamosi moja ya Januari jirani yetu, mzee mstaafu aliyezaliwa hukuhuku, alikuja kugonga mlango kabla hata chai haijachemka. Theluji ilikuwa imeanguka Alhamisi usiku, Ijumaa jua likawaka mchana kutwa, na sasa uani kwake kuna nyayo asizozielewa. Alihitaji mtaalamu. Nilifungua kinywa nimweleze tena habari za Kariakoo, lakini shemeji akaniwahi.

Shemeji ni mdogo wake mke wangu, alikuwa ametoka Machame kuja kutusalimia. "Shemeji, theluji niachie mimi," aliniambia huku akivaa koti langu lile zito, mimi akanibakizia jepesi. "Sisi imetulea." Hoja yake ni kwamba theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, inaonekana kutoka kwenye kihamba cha baba yao. Kuonekana inaonekana, asubuhi mawingu yasipokuwapo. Kuigusa hiyo theluji ndiko hajawahi. Ameitazama maisha yake yote akiwa chini ya migomba, mara nyingi na kata ya mbege mkononi.

Tukivuka barabara alikuwa ameshaanza kumhubiria mzee habari za chui. Miaka ya 1920 mchungaji wa Kilutheri, Richard Reusch, aliukuta mzoga wa chui umeganda huko juu Kibo, karibu na ukingo wa kreta. "Na huyo mchungaji baadaye alikuja kufundisha wapi?" aliuliza shemeji, kidole juu. "Hapahapa Minnesota!" Ni kweli tupu. Reusch alifundisha chuo cha Gustavus Adolphus, mjini St. Peter, na kreta ya Kibo inaitwa kwa jina lake mpaka leo. Chui aliyekufa akakauka anahusianaje na nyayo za uani, hakuna aliyeuliza. Mzee alikuwa amekwisha kuamini.

Nyayo za kwanza zilikuwa nyuma ya banda, kivulini: alama nne nne, mbili kubwa ndefu na mbili ndogo, kisha nafasi, kisha nne tena. "Sungura," alitamka shemeji, na kwa hilo alipatia. Akachuchumaa, akapima kwa kiganja, akanusa (sijui alitarajia harufu gani kwenye barafu), akasema, "Kaelekea kule." Tukamfuata. Tulipita nyuma ya uzio, theluji ikiingia kwenye viatu vyangu ambavyo havikununuliwa kwa kazi hiyo, tukazunguka rundo la kuni, tukafika kwenye shimo chini ya ubao. Nyayo zikaishia hapo. "Yumo ndani," alinong'ona shemeji. "Msikanyage kwa nguvu."

Mke wa yule mzee akagonga kioo cha dirisha la jikoni. Alikuwa anatuonyesha upande wa pili wa uwanja, tulikotoka, ambako sungura mwenyewe alikuwa ameketi anatafuna magome ya mti wake wa maua.

Kosa hilo lina sababu nzuri. Sungura akiruka, miguu ya mbele hutua kwanza, halafu ya nyuma huipita pembeni na kutua mbele yake. Basi zile alama kubwa, ambazo kwa akili ya kawaida ungeziweka nyuma, ndizo zinazoonyesha aendako. Tulikuwa tumemfuata kwa bidii kubwa kuelekea alikolala jana. Kindi naye huruka hivyohivyo, ila mikono yake hutua sambamba na njia yake huanzia mtini ikaishia mtini. Bata mzinga wa porini, ambao mjini kwetu hutembea barabarani kama wenye hati miliki, huacha kitu kinachofanana kabisa na mshale, na ncha ya mshale huelekea walikotoka. Kwa kweli kwenye theluji, ukitaka kupotea, fuata mishale.

Lakini mzee hakutuita kwa ajili ya sungura. Alitupeleka upande wa jua, karibu na gereji, akanyoosha kidole bila kusema neno. Kulikuwa na msururu wa nyayo, kila moja pana kuzidi kiganja changu na vidole vyake. "Dubu," alisema kwa sauti ya chini.

Nilimgeukia mtaalamu. Mtaalamu alikuwa amerudi nyuma yangu, ameshika mkono wa koti lake, yaani langu. "Shemeji," alisema, "wewe ndiye mwenyeji."

Nikaangalia nyayo zilipokwenda. Kadiri zilivyosogea kwenye kivuli cha gereji ndivyo zilivyopungua, na kivulini kabisa zilikuwa ndogo, safi, zenye vidole vinne na alama za kucha. Paka angezificha kucha zake. Mbweha angepita kwa mstari ulionyooka, unyayo wa nyuma ukiingia ndani ya ule wa mbele, maana yeye nguvu zake ana hesabu nazo. Huyu alikuwa amezunguka ovyo, amerudi, amekwenda kunusa tairi: mtu mwenye uhakika wa chakula cha jioni. Jua la Ijumaa ndilo lililomnenepesha. Hata ule unyayo maarufu alioupiga picha Eric Shipton mwaka 1951 huko Himalaya, mzungu aliyewahi kulima kahawa Kenya, ukazaa kelele za yeti, lile jitu la theluji, dunia nzima, wapo wanaosema ni unyayo wa kawaida uliotanuliwa na jua.

Nilikuwa bado naeleza haya mlango ukafunguliwa, mbwa wa mzee akatoka, akapita juu ya nyayo zake mwenyewe na kwenda moja kwa moja kwenye tairi.

Mzee alinuna. Alitaka dubu, na nadhani alikuwa ameshawapigia wanawe simu. Shemeji alipona haraka zaidi, akanywa chai vikombe vitatu, akarudi Machame mwisho wa mwezi na koti langu. Sasa nasikia huko nyumbani anasimulia alivyomfukuza dubu kwenye theluji ya Marekani. Mkikutana naye kwenye mbege, mwulizeni ilikuwa mwezi gani. Akisema Januari, mwambieni dubu wa Minnesota mwezi huo wamelala mashimoni mwao, na mimi nataka koti langu.